Bi Verna na Funguo za Maktaba

Wauguzi wa ghorofa ya tatu walimbandika jina Bi Kufuli, na mie nililitumia miaka miwili mizima nikicheka nao, sijitoi. Ukipitisha siku tisini hujabadilisha neno lako la siri, Bi Verna Niskala anakufungia majarida yote pamoja na kitabu cha dawa cha kwenye kompyuta. Ukimpigia simu kumlilia, anakujibu taratibu kwamba sura ya mtu haionekani kwenye simu, shuka chini uje. Na chini ni chini kweli, maana maktaba ya hospitali yetu iko chini ya ardhi, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka. Wewe una wagonjwa sita, lifti ya upande ule inajiendea inavyotaka, halafu mtu anakwambia shuka chini. Tulimteta, haki ya Mungu tulimteta.

Leo nimekaa kuandika habari zake kwa sababu bila mama huyu nisingekuwa kwenye mji huu, wala sijui ningekuwa wapi. Hakuna aliyeniomba. Nashukuru tu, na nimechoka kushukuru kimoyomoyo.

Amezaliwa hapa hapa Tamarack Falls, kaskazini mwa Minnesota, mtoto wa mchimba chuma na mama aliyepika shuleni. Kwao walizungumza Kifini mezani na Kiingereza mlangoni. Alikwenda Duluth kusoma, akarudi, akaajiriwa maktaba akiwa na miaka ishirini na tisa, enzi hizo maktaba ni makabati ya kadi na mashine ya kunakili inayotafuna karatasi. Daktari wa zahanati ya mbali akihitaji makala, Bi Verna anaiagiza Minneapolis, inakuja na basi, naye anahakikisha imefika. Kuna mwaka faksi ya zahanati moja huko mpakani ilikufa, na mtoto mchanga wa huko kila akinyonya analegea, daktari hajui ana nini. Bi Verna aliendesha gari maili themanini, barabara yote barafu, kupeleka kurasa nne. Mtoto yule sasa ni fundi bomba mwenye ndevu, na akikutana na Bi Verna dukani humbebea mifuko hadi garini.

Halafu majarida yakahamia kwenye kompyuta na kazi yake ikageuka. Makampuni yenye majarida huuza kwa mkataba: walio wa hospitali wasome, wasio wa hospitali wasisome, na ikigundulika mmoja amempenyeza mwingine, wanaweza kutufungia sote. Lazima awepo mtu wa kusema huyu ni wetu, huyu si wetu. Mtu huyo akawa yeye. Aliniambia siku moja kwamba zamani kazi yake ilikuwa kupeleka, siku hizi ni kuzuia, na hilo la pili bado halijamkaa mwilini. Wakati ule sikumwamini. Nilidhani anafurahia.

Mie nilishuka kwake mara ya kwanza nikiwa na wiki mbili kazini, kuchukua neno langu la siri. Nimetoka Muheza, nikasomea uuguzi Saint Paul, na kwa kibali nilichokuwa nacho, hospitali ndiyo iliyonishika nchini: siku wakiniachisha kazi, nina siku sitini za kufungasha virago. Nimeshuka na hasira zangu, nimesimama mlangoni, nikasikia harufu ya iliki. Iliki, jamani, chini ya ardhi, kwenye nchi ya theluji! Kumbe Wafini wa hapa huoka mkate wa kusokotwa wenye iliki, na Bi Verna haanzi kazi na mtu kabla hajamkatia kipande na kumtilia kahawa. Nilikula vipande vitatu. Akaniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia mpaka akalipata, Mwantumu, wakati wenzangu wa juu walikuwa wameshanifupisha kuwa Tumu.

Baada ya hapo akatoa karatasi ya ahadi. Kila mtu anayepewa neno la siri huisoma kwa sauti mbele yake, hata awe bingwa wa upasuaji, kisha anatia sahihi. Niliisoma nikijizuia kucheka. Alipoichukua akaniambia neno hili ni la Mwantumu peke yake, hata mume wangu akiliomba nimwambie aje kwake. Nikamwambia sina mume.

"Basi kazi yangu imepungua," akasema, akanisukumia kipande cha nne.

Sasa niseme habari za Julai, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kila mwisho wa Juni madaktari wanafunzi huondoka na wapya huingia, na ofisi ya ajira hupeleka maktaba orodha ya walioondoka ili wafungiwe. Bi Verna aliichapa orodha ile, akaweka rula chini ya kila jina, na kabla ya kumfungia mtu alipiga simu idarani kwake kuuliza: huyu bado ni wetu? Kwa sababu orodha haijui watu. Inasema fulani kaondoka, kumbe kaolewa na kubadili jina. Inasema fulani kastaafu, kumbe kila wiki anakuja kujitolea, na wanaojitolea mkataba unawaruhusu kusoma kama sisi. Simu hizo zilimchukua siku tatu, na sisi tulicheka kwamba Bi Kufuli anahesabu kuku wake.

Mwaka huo orodha ilikuja kwa mtindo mpya, haina ile safu ya wanaojitolea. Curtis Odegaard, mkuu wa kompyuta, akaitaka kazi iishe kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa Ijumaa ya kuelekea tarehe nne, sikukuu ya uhuru wao, mji mzima unakimbilia vibanda vyao vya ziwani, na dada yake Bi Verna alikuwa nje ndani ya gari, injini inawaka. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, hakupiga simu. Akafunga majina arobaini na matatu, akachukua kofia yake, akaenda ziwani.

Jina moja katika hayo lilikuwa la Dokta Orrin Haapala. Mzee huyu ana miaka sabini na tisa, na nusu ya mji huu aliupokea yeye ukitoka tumboni. Alipostaafu hakukaa nyumbani. Kila Jumanne anatibu bure watu wasio na bima, kwenye kliniki ambayo hospitali yetu inaiendesha chini ya kanisa la Kilutheri. Mie nami nilikuwa naenda Jumanne zangu za mapumziko kumsaidia.

Jumanne moja ya Agosti nikamkuta amekaa tu mbele ya kompyuta, mikono mapajani. Alikuwa na mgonjwa, bibi mmoja anayemeza dawa saba kwa siku, figo zake zimechoka, na alitaka kumwongezea ya nane. Akataka kwanza kuhakikisha ya nane haitagombana na zile saba. Kitabu cha dawa kikamkatalia. Akaniambia hospitali imemfungia tangu Julai, hata barua hawakumpa, na yeye si mtu wa kwenda kuomba pale walipokwisha kumtoa. Alisema kwa utani, lakini macho yalikuwa mekundu.

Nikamwambia ashuke kwa Bi Verna. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, kama ninaweza kumwazima neno langu kwa mgonjwa huyu mmoja tu, akaniita binti yangu, akaahidi kwamba akimaliza atalisahau.

Ningefanya nini? Mzee wa umri wa babu yangu, mgonjwa anasubiri nje, ananiomba, nami nimtolee macho nimwambie hapana? Sikulelewa hivyo. Kwetu mzee hasimami akaomba mara mbili. Nikamwandikia neno langu kwenye kikaratasi, tukaangalia ile dawa ya nane, kumbe ingemuua yule bibi. Akamwandikia nyingine. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Kikaratasi sikukichukua. Hapo ndipo nilipokosa, na ninaliweka wazi.

Kesho yake asubuhi, mie nikiwa zamu wodini nimeingia kwa jina langu, Dokta Haapala naye kaingia kwa jina lile lile kutoka nyumbani kwake. Na hakusoma makala moja akatoka. Alikuwa na hofu kwamba mlango utafungwa tena, kwa hiyo akaanza kuweka akiba kama mtu anayepanga kuni za majira ya baridi. Figo, moyo, sukari, vidonda, kila makala aliyoiona akaipakua, akaichapa, akaitoboa matundu, akaipanga kwenye majalada. Mpaka saa tano alikuwa amepakua mia sita na kitu. Mashine za kampuni zikaona mtu mmoja yuko sehemu mbili na anazoa kila kitu, zikasema huyu ni mwizi, zikafunga. Hazikunifungia mimi tu. Zilifunga hospitali nzima, madaktari na wauguzi mia nne, majarida na kitabu cha dawa.

Ukasikia kelele kila wodi. Nilimwona Bi Verna akitoka kwenye lifti anasukuma toroli, amejaza vile vitabu vinene vya dawa vya karatasi ambavyo sote tulimcheka kwa kuvitunza, anagawa kimoja kila wodi. Alivipanga kwa mwaka na alituonya tuangalie tarehe, dawa mpya hazimo. Alipofika kwetu alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akaniwekea kitabu mezani, akaenda zake. Nikajua kwamba kosa limetokana na neno langu, na kwamba anajua.

Taratibu ya hospitali ilikuwa moja na haina huruma: mwenye kuazima neno lake la siri anaachishwa kazi. Hata mchana sikula. Niliwaza siku zangu sitini, nikawaza mama yangu Muheza anayewaambia majirani binti yangu muuguzi Amerika. Saa nane nikaomba ruhusa, nikashuka ngazi, maana lifti nilihisi ingenichelewesha nikabadili nia.

Alikuwa peke yake mezani. Sikuketi. Nikamwambia ni mimi, nimemwazima Dokta Haapala, kwa sababu alikuwa amefungiwa. Sikutaka kumchongea mzee, lakini kudanganya mbele ya mama yule nilishindwa.

Hakuniuliza kwa nini nimevunja ahadi. Aliuliza jambo jingine.

"Amefungiwa na nani?"

"Na nyinyi, Bi Verna. Tangu Julai. Anasema hospitali imemtoa."

Akavuta droo, akatoa orodha ya Julai, akaweka rula yake, akaishusha jina kwa jina mpaka ikasimama. Nikamwona anasoma jina lile mara ya pili na ya tatu. Kisha akavua miwani.

"Sikupiga simu," akasema. "Nilitaka kuwahi ziwani."

Ndipo aliponieleza ile Ijumaa, dada yake na gari, kama nilivyokwishaeleza hapo juu. Hakujitetea kwa neno hata moja. Akaniambia niende nikamalize zamu, nisiseme na mtu, na nisilie wodini kwa sababu wagonjwa hudhani wao ndio wanaoliliwa.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, ofisini kwa Curtis. Tulikuwa watatu. Curtis si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaishe. Kampuni ilikuwa imemwandikia kwamba haitafungua mpaka iambiwe nani kakosa na hospitali imemchukulia hatua gani, na madaktari wa upasuaji walikuwa wanampigia kelele kila robo saa. Jina langu alikuwa nalo. Barua ya kuniachisha alikuwa nayo pia, niliiona kichwa chini miguu juu pale mezani, nikaisoma hivyo hivyo. Akasema anasikitika, lakini taratibu inajulikana.

Bi Verna akamwomba aitoe hiyo taratibu aisome kwa sauti, yote. Curtis akaisoma, anaharakisha. Ilisema ataachishwa kazi mfanyakazi atakayemwazima neno lake la siri mtu asiye na haki ya kusoma.

"Dokta Haapala ana haki," akasema Bi Verna. "Anajitolea kliniki yetu, mkataba unamtaja. Ni mimi niliyemnyang'anya haki yake, bila kuuliza mtu. Huyu binti amemrudishia kwa njia mbaya kitu kilichokuwa chake."

"Verna, amevunja ahadi. Umemsomesha karatasi wewe mwenyewe."

"Amevunja. Mwonye, mpeleke mafunzo, mfungie mwezi mmoja, anastahili. Lakini ukiuliza kosa hili limeanzia wapi, limeanzia mezani kwangu. Nimeliandika."

Akamsukumia karatasi. Ilikuwa barua ya maelezo kwa kampuni, na jina la mkosaji juu kabisa lilikuwa lake, na saa, na tarehe, na sababu: sikufuata utaratibu wangu wa kupiga simu, nilikuwa na haraka ya kwenda mapumziko. Aliyaandika hivyo hivyo, bila kujifunika. Curtis alisoma, akamtazama, akasoma tena. Akamwambia akiipeleka hiyo, kampuni haitaliacha jambo lipite hivi hivi kwake, na amebakiza miezi saba astaafu. Bi Verna akajibu kwamba ndiyo maana ameiandika kwa kalamu ya wino, isifutike.

Curtis akaichukua ile barua yangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimejiapiza sitalia. Nililia kama mtoto, hata kitambaa nikakosa, Curtis akanipa chake.

Alasiri ile kampuni ikafungua. Dokta Haapala alirudishiwa jina lake siku hiyo hiyo, na Bi Verna ndiye aliyekwenda nyumbani kwake kumwambia hakuna aliyemtoa. Sikuwepo, lakini mzee alinisimulia kwamba Bi Verna alisimama barazani akamwomba radhi kabla hata hajakaribishwa ndani, na yeye naye akaomba radhi kwa yale majalada, wakawa wanaombana radhi mlangoni na mbu wanawala. Makala mia sita walizichana pamoja.

Mie nikapewa onyo, mafunzo na mwezi mmoja wa kufungiwa. Mwezi huo, kila nilipotaka kujua kitu, ilinibidi nishuke maktaba nikatumie kompyuta ya pale mezani, ile anayoweza kusoma yeyote aliyekaa maktabani. Nilishuka kila siku. Nilizoea ngazi, nikazoea harufu ya sabuni ya mashuka, nikamzoea yeye. Alinifundisha kutafuta vizuri, kuuliza swali dogo kwanza. Tulicheka sana. Wenzangu wa ghorofa ya tatu waliuliza Bi Kufuli kanilisha nini, nikawaambia wasimwite tena hivyo mbele yangu. Wengine walininunia, na nikawaacha wanune.

Siku ya thelathini ikafika. Nilimaliza zamu, nikashuka na cheti changu cha mafunzo mkononi, nikamwekea mezani. Nilikuwa na furaha ya mtu anayerudishiwa funguo za nyumba yake. Nikamwambia Bi Verna, nifungulie, nimerudi.

Akakichukua cheti, akakisoma chote, akanirudishia.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Kampuni waliomba niondolewe. Siku hizi anayefungua ni Curtis."

Sikuelewa upesi. Nikauliza tangu lini. Akasema tangu siku ile ya barua. Kumbe siku thelathini zote nilikuwa nakaa ubavuni mwake, nacheka naye, nalalamika kwamba nimefungiwa, na mwenzangu amefungiwa kuliko mimi, wala hajatamka. Alikuwa hawezi kumfungulia mtu yeyote hata jarida moja.

Yeye alikuwa ameshanyanyua simu. Akampigia Curtis, akangoja, akajitaja jina kamili kama mgeni, akaeleza kwamba kuna muuguzi amemaliza mafunzo na anaomba afunguliwe. Curtis lazima alimwuliza ni nani huyo, kwa sababu Bi Verna alilitaja jina langu lote bila kulikata, akalitaja tena polepole ili aliandike sawasawa. Kisha akauliza kama inawezekana ifanyike leo, si kesho, na akasema tafadhali.

"Ndiyo, niko naye hapa, namwona," alimwambia Curtis. "Huyu ni wetu."